Sentensi ya Kashindye

Ndugu Mayala alifika Nyamahinda Jumatatu mchana, akashuka kwenye Landrova bila kumsalimia mtu, akamwita Mwalimu Leonsia nje ya ghala la pamba ambamo darasa la watu wazima lilikuwa likikutana.

"Wageni wanakuja Alhamisi," alisema. "Wanaletwa na shirika la kimataifa. Nchi nyingine zinataka kujifunza kwetu jinsi ya kufuta ujinga. Unaelewa uzito wa jambo hilo?"

"Naelewa."

"Basi kila mtu asome ukurasa wa mbegu za pamba. Wanaosoma vizuri wakae mbele. Na yule Kashindye abaki nyumbani kwake."

Leonsia Rweyemamu alikuwa mzaliwa wa Bukoba, binti wa mchungaji wa Kilutheri, na alikuwa amesomea ualimu Butimba. Kutii wakubwa alikuwa amefundishwa tangu mdogo. Lakini agizo hilo la mwisho lilimshinda.

"Kashindye ndiye anayesoma vizuri kuliko wote, Ndugu Mayala."

"Ndiyo maana. Anasoma, halafu anauliza."

Mayala alikuwa afisa wa elimu ya watu wazima, Msukuma wa palepale upande wa Kisesa, na hakuhitaji kuelezwa Kashindye alikuwa akiuliza nini. Kashindye alikuwa mjane wa makamo. Nyumba yake ya zamani, ya matofali ya kuchoma, ilikuwa mbali na hapo, karibu na ziwa, kwenye udongo mweusi unaokubali mtama. Mwaka uliotangulia, ule wa sabini na nne, watu walipohamishiwa vijijini kwa operesheni, mgambo walimjia asubuhi ya mvua. Mmoja wao alisoma karatasi kwa sauti, kisha wenzake wakapanda juu wakaezua bati na kubomoa kuta. Kashindye aliomba kuiona ile karatasi. Walicheka. "Utaona nini, mama?"

Kwa hiyo darasa lilipofunguliwa Nyamahinda, yeye alikuwa wa kwanza kuketi kwenye gogo la mbele, na hakuficha sababu. "Sitaki mtu anisomee tena," alimwambia Leonsia siku ile ya kwanza, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kisukuma. Alijifunza kwa ghadhabu. Chaki zilikatika mkononi mwake.

Leonsia alirudi ndani ya ghala akawaambia wanafunzi wafungue ukurasa wa mbegu za pamba. Karibu wote walikuwa wanawake, na pamba walianza kuilima wakiwa bado wamebebwa mgongoni. Walisoma kwa pamoja: chagua mbegu bora, panda kwa mistari, palilia mapema. Jumanne wakasoma tena, na Jumatano tena, mpaka mmoja akafunga kitabu akaendelea kusema maneno yaleyale akiangalia nje mlangoni, na wenzake wakaangua kicheko ambacho hakikuwa na furaha ndani yake. Leonsia aliwanyamazisha. Alijichukia kwa kuwanyamazisha. Lakini agizo la kumzuia Kashindye hakulipeleka kwa mtu yeyote.

Alhamisi wageni wakaja. Mmoja alikuwa mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, mwenye kamera kifuani. Mwingine alikuwa Daktari Sanneh, Mwafrika mrefu kutoka Gambia, aliyetumwa na wizara ya nchi yake kuona kama mpango wa Tanzania ungefaa na kwao. Wote wawili walizungumza Kiingereza, na Mayala ndiye aliyekuwa mkalimani. Alipoingia ghalani akamwona Kashindye kwenye gogo lake la mbele, alimtazama Leonsia kwa jicho ambalo halikuhitaji mkalimani.

Wanawake walisoma ukurasa wao. Mgeni wa Kizungu alipiga makofi. Daktari Sanneh aliinamia kitabu cha mwanamke mmoja, akafikiri kidogo, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba angependa mmoja wao aandike kitu chake mwenyewe, kisichotoka kitabuni.

"Mgeni anaomba mmoja aandike ubaoni sentensi ya pamba," Mayala aliwaambia wanafunzi. "Mke wa mwenyekiti, simama."

"Hakusema pamba," Leonsia alisema. Sauti ilimtoka kabla hajaamua. "Amesema kitu chako mwenyewe."

Mke wa mwenyekiti hakuwa amenyanyuka bado, na Kashindye alikwisha fika ubaoni. Aliandika polepole, herufi kubwakubwa, akibana mdomo. Nyuma yake wanawake walisoma kila neno lilipokuwa linatoka, midomo ikicheza, kwa mara ya kwanza juma lile bila kuchoka.

*Nyumba yangu iribomorewa mvua ikinyesha. Hakuna ariyetuuliza.*

"Ee!" mtu alisema huko nyuma.

Mayala alimnyang'anya chaki. Leonsia alifikiri atafuta, lakini alifanya jambo baya zaidi. Alianza kusahihisha. "Siyo 'iribomorewa'. Ni 'ilibomolewa'. Siyo 'ariyetuuliza'. Ni 'aliyetuuliza'. Mwalimu wenu hajawafundisha?" Alizipiga mstari zile r moja moja, kwa utulivu, kana kwamba kosa pekee lililowahi kutendeka katika nyumba ile ni hilo. Kisha akawageukia wageni, akatabasamu, akawaambia kwa Kiingereza: "Anasema amebomoa nyumba yake ya zamani kwa hiari, akahamia hapa kijijini."

Leonsia alipiga hatua mbele.

"Hapana," alisema kwa Kiingereza kilekile. "Sivyo alivyoandika. Ameandika kwamba nyumba yake ilibomolewa na watu wengine, katika mvua, na kwamba hakuna mtu aliyewauliza kama wanataka kuhama."

Mama wa Kizungu alitazama ubao, akamtazama Kashindye, uso ukang'aa. "Alianza kujifunza lini?"

"Mwaka jana," Leonsia alijibu.

"Mwaka jana tu! Na ameandika sentensi mbili kamili, na kitenzi katika kauli ya kutendwa!" Akainua kamera. "Mwambie asimame karibu na ubao."

Leonsia alimngojea aulize swali jingine. Hakuuliza. Kashindye, ambaye hakuwa ameelewa neno lolote, alisimamishwa kando ya sentensi yake na kupigwa picha, mikono ikimning'inia, makunyanzi kati ya macho.

Daktari Sanneh ndiye aliyebaki nyuma wengine walipoelekea kwenye gari. "Nimekuelewa, mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Usidhani sikuelewa. Lakini mimi nimetumwa kuona watu wazima wanajifunzaje kusoma. Nikirudi na habari za nyumba, waziri wangu ataniuliza kama nilikwenda kuangalia elimu au siasa."

"Na wewe utamjibu nini?"

Honi ililia, akaenda.

Jioni ile Leonsia alikwenda kwa Kashindye. Alimkuta akipepeta mtama nje ya kibanda cha udongo alichogawiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu." Hakuacha kupepeta.

"Nilitaka ujue kwamba niliwaambia ukweli wale wageni. Mayala alikuwa amewadanganya, nikamkatiza."

"Ulisema kwa Kizungu."

"Ndiyo, ili waelewe."

Kashindye aliweka ungo chini. "Wageni wameelewa, wamekwenda zao. Sisi tulikaa pale kama ng'ombe mnadani, mnatusemea juu ya vichwa vyetu. Yule mgambo alisoma karatasi yake, na wewe ukasema Kizungu chako. Tofauti iko wapi?"

Leonsia alifungua mdomo ajitetee. Alikuwa amehatarisha kazi yake, na alitaka angalau ahsante. Hasira aliyokuwa nayo kwa Mayala ilimgeukia mwenyewe, ikamuuma vibaya zaidi, kwa sababu hakukuwa na kosa katika maneno ya yule mama.

Juma lililofuata Mayala alirudi. Alikuja na mwalimu mpya, kijana aliyeshika kofia mkononi, akatangaza mbele ya darasa kwamba Mwalimu Leonsia amehamishiwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga, kwa mahitaji ya kazi. "Ametutia aibu mbele ya dunia," alimalizia. "Lakini hayo yameisha."

"Hayajaisha," Leonsia alisema. Alisimama mbele yao, akawaeleza kwa Kiswahili, taratibu, kila kitu. Kashindye aliandika hivi. Ndugu Mayala aliwaambia wageni vile, kwamba alibomoa kwa hiari yake. Mimi nikawaambia sivyo. Wao wakafurahia mwandiko, wakapiga picha.

"Kwa hiari?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Kwa hiari."

Ghala lote lililipuka. Waliacha Kiswahili. Walimwendea Mayala kwa Kisukuma, lugha aliyonyonya nayo, wakimwita kwa jina la ukoo wake, wakimuuliza kama mama yake mzazi naye alihama kwa hiari, kwa maana wote walijua alivutwa mkono akilia. Mayala alijaribu kupaza sauti. Kashindye alisimama karibu naye kabisa, akamtazama tu mpaka Mayala akageuka. Mwenyekiti wa kijiji, Luhaga, aliyekuja mbio kutuliza, alirudi alikotoka. Landrova iliondoka na mwalimu mpya ndani yake, kofia bado mkononi.

Hata hivyo Leonsia alihamishwa. Mtihani wa taifa ulipofanyika Agosti, Kashindye alizuiwa mlangoni akaambiwa amefutwa kwa utovu wa nidhamu. Wenzake kadhaa walitoka wakarudi makwao. Wengine walibaki wakafanya, na hakuna aliyewalaumu.

Leonsia alikuwa kwenye kibanda chake huko ng'ambo, akimenya ndizi, redio ya jirani ilipotangaza kwamba Ndugu Mayala amekwenda Ulaya kueleza mafanikio ya madarasa ya Mwanza kwenye mkutano wa mataifa. Jirani, mama mmoja Mjita, alimwita kwa furaha: "Mwalimu, njoo usikie! Wanawasifu ninyi!"

"Zima," Leonsia alisema.

"Lakini wanawasifu."

"Zima, dada, nakuomba." Alikikandamiza kisu, na ndizi iliyokuwa mkononi ikakatika vipande.