Kadi Isiyo na Jina

Je, umewahi kumnyonyesha mtoto mwaka na nusu, ukamwogesha, ukamwimbia, ukampaka mafuta ya nazi mpaka kwenye vikunjo vya shingo, na hata siku moja usimwite kwa jina lake?

Sidi ndivyo alivyokuwa. Mwanawe alipewa jina la babamkwe wake, mzee wa mbuzi wa karibu na Mackinnon Road, na kwao mkazamwana halitamki jina la mkwe, hata akiota. Basi yeye alimwita "Baba", na nyumbani wengine wakamwita jina lenyewe. Halafu Sidi akafungwa miezi sita kwa kuuza pombe ya kupika, akaingia jela ya wanawake kule mlimani na mtoto mgongoni. Huko, kwa kumsikia yeye, kila mtu akamwita mtoto Baba.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua za El Nino zilikuwa zimepita, zikaacha kuta zikitoa ukungu wa kijani kama mahameli. Surua, walisema, imeshika vijiji vya chini. Jelani ilikuwa haijafika, lakini afande Fridah hakungoja. Alipaka chokaa chumba kimoja kando ya jiko, akatia vitanda viwili vidogo na ndoo yenye kifuniko.

"Ikifika," aliwaambia akina mama, "mwenye kadi ya chanjo atabaki na mamake. Asiye na kadi ataingia humo peke yake mpaka tujue hali yake."

Tangu siku hiyo, Sidi akikipita chumba kile alimfunika mtoto uso kwa leso.

Na mchana, joto likiwalaza wote, alimwota mkwewe. Mzee anatembea mbele, mbuzi wanaelea kwenye vumbi jekundu, na mbele yake bwawa limejaa pomoni. Sidi anataka kumwita arudi, lakini kinywa kimejaa sufi. Mzee hageuki. Akizinduka, hukuta mtoto amemshika kidole.

Siku ya chanjo alikuja nesi Nereah uani na kisanduku chake cha barafu. Watoto walikuwa wanne. Baba alidungwa wa mwisho, akalia, akanyamaza kwa kipande cha muhogo.

"Jina la mtoto?" nesi akauliza, kadi mkononi.

"Baba."

"Sijauliza babake, mama."

"Baba ndiye huyu."

Wanawake wakaangua kicheko. Kanze, mfungwa wa Mwabungo aliyelala mkeka mmoja na Sidi, akasema, "Ana jina la mkwewe, nesi. Halitaji huyo, hata umfinye."

"Basi litaje wewe."

"Nitalijulia wapi? Yeye wa bara, mimi wa pwani. Sidi, ni Nzai? Kitsao?"

Sidi akatikisa kichwa.

"Kahindi?"

"Si mnada huu!" Nereah akasema. "Chupa ya chanjo nikishaifungua ina saa zake, na kuna watoto wengine wananingoja huko Msambweni. Kadi bila jina nitampa nani?"

"Mwandike Rai," Kanze akasema. "Jina zuri, fupi. Nani atauliza?"

Nereah akahema, akainamisha biro.

Sidi akaiona ikigusa karatasi, na ua wote ukawa kama umetiwa kwenye maji. Akakiona chumba cha chokaa. Akamwona mwanawe amewaka homa, na mtu mlangoni anaita Rai, Rai, na mtoto hageuki, kwa kuwa anayeitwa si yeye. Na kwa mbali, ukingoni mwa bwawa, mzee na mbuzi wake.

Akaushika mkono wa nesi. Biro ikasimama.

"Si Rai," akasema. Akamgeukia mtoto, si nesi.

"Kalama."

Sauti ilitoka ndogo, lakini mtoto aliisikia. Akauacha muhogo, akamtazama mamake kwa mshangao, kama aliyeitwa kutoka nyumbani. Kanze akajiziba mdomo kwa leso. Nereah akaandika polepole, herufi moja moja.

"Kalama, mwanangu," Sidi akasema tena, na safari hii wote waliisikia. "Tangu siku niliyokuzaa, nimetamani nikuite mimi."