Bwana Harusi wa Nusu Kichwa

Mashine ilizimika ikiwa juu ya sikio la kulia la bwana harusi, na haikuzimika kwa adabu. Ilikoroma, ikang'ang'ania nywele chache, ikazivuta, halafu kimya. Nurdini akapiga yowe dogo. Sabiri akasema, "Samahani, shemeji," akaigonga mashine kiganjani kama mtu anayemzindua aliyezirai, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, mwisho akaipuliza. Kinyozi akianza kuipuliza mashine, ujue kishaishiwa.

"Chaji imekwisha?" Nurdini aliuliza, macho kwenye kioo.

"Imepumzika kidogo."

"Ipumzikie kichwani kwangu? Ichomeke, bwana!"

Umeme ulikuwepo, na hilo ndilo lililomkera Sabiri zaidi ya yote. Feni ilikuwa inazunguka, redio inaimba, taa zinawaka mchana kweupe kama umeme unagawiwa bure. Akaichomeka mashine. Kitaa cha kijani kikawaka. Akabonyeza, wapi! Akahamia soketi nyingine, akabadilisha waya wa chaji, akaishika juu, akaishika chini. Kitaa kilimtazama kwa jicho la paka aliyeshiba, na mashine ikaendelea kulala.

Sasa mtazame Nurdini. Upande wa kushoto alikuwa bwana harusi kamili: nywele zimepunguzwa, mstari umenyooka, shavu linang'aa. Upande wa kulia alikuwa seremala yuleyule wa Ng'ambo anayeamkia kwenye vumbi la mbao za mninga, nywele zimesimama kama abiria waliokosa basi. Ndoa ilikuwa baada ya Alasiri, nyumbani kwa kina Sabiri, mtaa wa Chemchem. Bibi harusi ni Zuwena, dada yake Sabiri wa tumbo moja. Adhuhuri ilikwishaswaliwa zamani.

Simu ikalia. Shangazi Maua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mmemaliza?"

"Tunamalizia."

"Sabiri, nakujua tangu unatambaa, ukisema tunamalizia ina maana hamjaanza. Sikiliza. Umnyoe unavyojua, lakini wembe usimguse huyo mtu. Umenisikia? Zuwena hajala tangu asubuhi, anauliza nywele tu."

"Nimesikia, shangazi."

Mgeni angeshangaa: kwani kipara kina kosa gani? Waume wangapi wameoa na vipara vyao, na wamependwa? Lakini Nurdini alikuwa na hesabu yake na watu wa Tabora. Mke wake wa kwanza, Najiat, alipofariki, siku ya kumaliza matanga alinyolewa kichwa kizima kwa wembe, kama wanavyofanya kwao. Wenzake waliomlilia marehemu pamoja naye nywele ziliota, wakaendelea na maisha. Yeye kila zilipochomoza alizirudia kwa wembe mwenyewe, Ijumaa hadi Ijumaa, zaidi ya mwaka. Mji mzima ukajua: Nurdini bado yuko matangani. Hata wateja walipokwenda kuagiza kitanda walimpa pole kwanza.

Kisha siku moja akapeleka posa kwa Zuwena, na siku hiyohiyo akaacha wembe. Zuwena, aliyekwisha kuachika mara moja na hakutaka tena maneno matamu, hakumpa jibu haraka. Aliangalia zile nywele zinavyoota. Zilipofika mahali pa kushika kitana, akakubali.

Kwa hiyo unaona. Mtu huyo akiingia Chemchem na kipara, ni sawa na kumwambia Zuwena hadharani kwamba amebadili nia.

"Mkasi," Nurdini alisema. "Vinyozi wa zamani walikuwa wanatumia nini? Si mkasi?"

Sabiri alichukua mkasi. Haki ya Mungu alijitahidi. Lakini yeye alikuwa mtoto wa mashine, mkono wake haujui mkasi zaidi ya kukata plasta. Akakata hapa, pakawa chini. Akapasawazisha pale, pakazidi kuwa chini. Alipopiga hatua nyuma kutazama, ubavu wa kulia wa shemeji yake ulikuwa na ngazi.

"Hii ni nini?" Nurdini alipapasa. "Sabiri, umenichongea ghorofa?"

"Tulia, tulia. Naifungua mashine."

Akaigeuza. Akatafuta skrubu, hakuona hata moja. Akatia ncha ya kisu kwenye mshono, kisu kikateleza. Akakipasha moto kwenye kiberiti cha gesi, akasukuma mpaka jasho likamtoka, ganda likapasuka kwa mlio uliomuuma moyoni, maana mashine ile aliinunua kwa kujinyima. Ndani aliiona betri: kijitu kidogo, kimevimba tumbo, kimegandishwa kwa gundi na nyaya zake zimechomelewa kwa risasi. Hapana mahali pa kuichomoa. Hapana mahali pa kuweka nyingine. Walioitengeneza waliizika humo wakijua wanachofanya.

"Twende mjini," Sabiri alisema. "Aliyeniuzia ataniambia."

Nurdini akavaa kofia, akashika mfuko wenye kanzu na koti. Kofia ilificha utosi, haikuficha ngazi. Wakapanda bajaji kwa sababu ina ubavu wa kujifichia, na bwana harusi akaegemea upande wa kulia kama mtu mwenye jino bovu.

Shahida, mwenye duka la vifaa vya umeme, alikuwa nyuma ya meza yake ya kioo. Aliichukua mashine kwa vidole viwili, akaitazama ilivyopasuliwa.

"Sabiri! Umeifanya kama unapasua nazi."

"Dada Shahida, nichomee betri nyingine. Leo, sasa hivi. Au niambie kwa nini haifanyi kazi hata ikiwa kwenye umeme. Umeme ule pale ukutani, mashine hii hapa!"

"Umeme hauendi kwenye mota, unapita kwenye betri kwanza. Betri imekufa, basi mlango umefungwa." Akavuta droo. Ilijaa mashine, tochi, spika ndogo, vyote vizima kwa sura. "Unaona? Hivi vyote ni vizima. Kila kimoja kimekufa kitu kimoja tu ndani, na hakitoki. Watu wananirudishia mimi, wananigombeza mimi, kama mimi ndiye nilimwaga gundi."

"Si nilikuuliza siku ile? Nikasema, betri yake ikichoka?"

"Nikakwambia utanunua mashine nyingine. Ukacheka. Ukasema, dada Shahida unapenda biashara."

Sabiri alikumbuka kwamba alicheka.

"Basi nipe nyingine."

Shahida akampa mpya, ndani ya boksi lake zuri. Sabiri akaifungua palepale, akaiwasha. Ikalia kama mbu anayeagana, ikazima.

"Imekaa kabatini muda mrefu," Shahida alisema kwa huruma ya kweli, maana alikwishaona kile kilicho chini ya kofia. "Mpaka ichajiwe usiku kucha. Za waya hawaleti siku hizi. Bwana harusi, pole sana."

"Usinipe pole!" Nurdini alisema kwa ukali uliomshtua hata yeye mwenyewe. "Leo naoa. Nipe hongera."

Walitoka nje. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Nurdini alikwenda hatua mbili, akarudi, akavua kofia, akaivaa, akamtazama Sabiri kwa namna ambayo shemeji hatakiwi kumtazama shemeji.

"Ile mashine yako ya zamani. Ya waya. Iko wapi?"

Sabiri alijua swali hilo linakuja. Alikuwa analikimbia tangu Ng'ambo.

"Nilimuuzia Erasmus. Wa Ipuli."

"Erasmus Mgogo?"

"Huyohuyo."

"Ya Rabi," alisema Nurdini.

Msomaji asiyejua aelezwe. Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Utani wao una umri wa njia yenyewe ya misafara: babu zetu walipokwenda pwani na mizigo kichwani, walipita Ugogo, na kule hapakupitwa wala maji hayakunywewa bila kulipa hongo, ndiyo kodi ya njia. Misafara imekufa, kodi haijafa. Mtani wako akikukuta na shida, shida hiyo ni mali yake. Na kujipeleka mwenyewe kwa mtani, siku ya ndoa yako, na nusu ya kichwa! Hata punda angegoma.

Na Sabiri alikuwa na lake la ziada. Siku anamuuzia Erasmus ile mashine alimwambia mbele ya watu, "Chukua, Mgogo, ukanyolee mbuzi zako. Sisi tumehamia kwenye mambo ya kisasa."

Saluni ya Ipuli ilijaa. Erasmus alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Aliwaona mlangoni, akatazama kofia, akatazama ngazi inayochungulia chini ya kofia, akazima redio taratibu kama mtu anayejiandaa kula.

"Jamani, msafara umeingia," alisema. "Karibuni, wapagazi. Huyu mmemnyoa kwa awamu? Awamu ya pili bajeti imekwama?"

Wateja wakaangua kicheko.

"Erasmus, tuna haraka," Sabiri alisema. "Ndoa ni Alasiri. Tuazime mashine."

"Ipi? Ile ya mbuzi?"

"Ndiyo, ile."

"Mbuzi wangu nilikwishawanyoa wote. Nilikuwa nawangoja Wanyamwezi." Akamshika Nurdini mkono, akamkalisha kitini, akamfunga kitambaa shingoni kwa fundo ambalo halikuwa la kinyozi bali la askari magereza. "Huyu nimemkamata. Sasa hongo."

"Utalipwa, bwana!"

"Nani ametaja hela? Simama mlangoni. Waambie watu wa Ipuli kilichokuleta. Kwa sauti ya mwanaume."

Sabiri alimtazama Nurdini kwenye kioo. Nurdini alikuwa anachezesha goti, kitambaa kizima kinatetemeka. Sabiri akaenda mlangoni. Nje palikuwa na kijiwe cha bodaboda, mama muuza karanga, na kundi la wanafunzi.

"Mimi Sabiri," alisema.

"Hatusikii!" Erasmus alidakia kutoka ndani.

"Mimi Sabiri, kinyozi wa Ng'ambo! Mashine yangu ya kisasa imekufa na betri yake tumboni, haifunguki, haizibuki, na nimekuja kwa Mgogo!"

Bodaboda wakapiga honi. Mama wa karanga akauliza kama kuna mgonjwa. Sabiri akarudi ndani masikio yamewaka moto.

Erasmus alikuwa ameitoa mashine. Sabiri aliitambua kama mtu anavyomtambua mke aliyemwacha. Waya ulikuwa mpya, umefungwa mpira mweusi. Skrubu zilikuwa nne, vichwa vimechakaa kwa kufunguliwa na kufungwa. Kila ilipougua ilipasuliwa, ikatibiwa, ikarudi kazini. Ikawaka kwa ngurumo ya trekta.

Lakini Erasmus hakunyoa. Alipapasa zile ngazi, utani ukamtoka usoni.

"Hapa pamekatwa chini mno. Ili kichwa kiwe kimoja, lazima nishushe chote. Karibu na ngozi."

"Hapana," Nurdini alisema.

"Nurdini..."

"Nimesema hapana. Afadhali niende na ngazi."

Sabiri angesema nini? Shemeji hawezi kumtaja marehemu siku ya ndoa. Rafiki hawezi. Hata Shangazi Maua, na mdomo wake wote, alisema wembe, hakusema Najiat.

Erasmus akaizima mashine.

"Mimi nilikuwepo msibani kwako," alisema. "Nililizuia jeneza la mke wako mlangoni nikadai soda ya mtani, na wewe ukacheka katikati ya kilio. Kwa hiyo mimi naweza kukuuliza, hawa wanakuogopa. Unaogopa kipara, au unaogopa Najiat atadhani umemsahau kwa sababu una nywele?"

Goti la Nurdini lilisimama.

Alijitazama upande wa kushoto, akajitazama upande wa kulia.

"Nilikuwa naogopa hilo," alisema mwishowe. "Ndiyo maana nilikuwa najinyoa. Sasa naogopa Zuwena. Naogopa anione nimerudi kulekule."

"Hutarudi. Hii si wembe. Ninabakiza nywele, fupi, lakini nywele. Anayetaka kujua ataweka mkono."

"Nyoa basi, Mgogo."

Ngurumo ikaanza tena. Sabiri alikaa kwenye benchi pamoja na wateja, mikono haina kazi, akazitazama nywele za miezi yote ile ya uchumba zikidondoka kulia na kushoto kwa haki sawa.

Alasiri iliwakuta Chemchem kwa bahati. Nurdini alikaa mkekani na kanzu na koti na kofia, akakubali ndoa kwa sauti iliyosikika mpaka uani. Hapo hapakuwa na shida; kofia ilikaa vizuri pande zote mbili. Shida ilikuwa ukumbini, alipoinuka kwenda kumpa mkewe mkono, Sabiri nyuma yake.

Mlango wa chumba ulizibwa na Shangazi Maua, wanawake wamejazana nyuma yake na kanga zao. Hakudai hela ya kufungulia mlango, kama ilivyo desturi. Alinyoosha mkono akaiondoa kofia.

Wanawake wakavuta pumzi. Kwa macho tu, ukumbini mwenye kiza kidogo, kilikuwa kipara.

"Sabiri," alisema Shangazi Maua, polepole.

"Shangazi, mguse."

"Nilikwambia nini mimi?"

"Mguse, shangazi!"

Nurdini mwenyewe ndiye aliyeinamisha kichwa. Shangazi Maua akaweka kiganja chake chenye hina juu ya utosi, akakipitisha nyuma mpaka kisogoni, akakirudisha mbele kinyume cha nywele, taratibu. Nyuma ya pazia la mlango hapakusikika hata bangili.

"Vipi, shangazi?" sauti ya Zuwena iliuliza.

"Zinachoma," alisema Shangazi Maua. Akarudia kupapasa, safari hii kwa starehe. "Zinachoma, mwanangu! Zipo kichwa kizima!"

Akajiweka kando, na vigelegele vikaanza.