Asali ya Ghala la Mzee Xavery

Mara ya pili asali ya Ipole iliporudishwa kutoka Dar es Salaam, Mzee Xavery hakugusa chakula cha mchana. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki wa kijiji, na yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wasitegemee tumbaku peke yake, watundike mizinga. Sasa mnunuzi alikuwa amerudia neno lilelile: haijafikia kiwango. Magreth, mweka hazina, alishatangaza mbele ya watu kwamba ikirudi mara ya tatu, kikundi kimekufa. Na Magreth hana utani.

Si kwamba hawakutafuta ushauri. Walimleta Damas kutoka Tabora mjini, kijana nadhifu anayewashauri wenye baa, wafuga kuku na wenye nyumba za wageni, na wote humsifu. Damas aliwabadilishia ndoo, akawatengenezea lebo yenye nyuki anayecheka. Nyuki akacheka, mnunuzi akanuna. Mshauri mwingine hapo angekuja na lebo nyingine. Damas, na apewe heshima yake kwa hili, alipiga simu.

"Mzee wangu, mimi najua biashara, asali siijui. Mtafuteni mama mmoja anaitwa Advera. Kazi yake ni asali tu."

Advera alifika asubuhi, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mkoba mdogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama, karibu."

Xavery alikuwa amemwandalia mafaili mezani. Advera hakuyafungua. Aliuliza tu, "Asali inalala wapi?"

Basi Xavery akampeleka kwa fahari. Ghala lilikuwa lake, la matofali ya kuchoma, alilolijenga enzi tumbaku ilipokuwa na bei. Nusu yake alikuwa amewapa wenzake bure: kulia marobota ya tumbaku, kushoto meza ya kuchujia asali na ndoo zake. Advera alisimama mlangoni kidogo, akarudi nje akipangusa macho. Kisha akaomba asali ambayo haijawahi kuingia humo. Magreth alikuwa nayo chupa moja nyumbani, ya mizinga hiyohiyo, aliyoitoa porini moja kwa moja kwa ajili ya kikohozi cha mjukuu.

Advera alimchukua Xavery mpaka mbali na nyumba, barabara ya kwenda porini, wakakaa huko wakizungumza habari za mvua hadi mzee akaanza kushangaa. Ndipo akamwambia afumbe macho, akamsogezea vijiko viwili.

Kijiko cha kwanza kilinukia maua. Cha pili kilinuka tumbaku, kama koti lake la ghalani.

Xavery alifumbua macho.

"Mmezaliwa ndani ya harufu hii, mzee, hamuisikii tena; ndiyo maana nimekuleta huku kwanza, pua ipumzike," Advera alisema taratibu. "Na asali huvuta harufu ya jirani yake. Mnaichuja humo, ndoo zikiwa wazi."

"Na iliyomo ghalani?"

"Haiponi. Wauzieni wapika wanzuki, ile pombe ya asali, wao haitawasumbua." Akasita. "Wenzako niwaambie mimi? Naweza kusema tu mahali hapafai, nisimtaje mtu."

Ilimuuma Xavery, iliuma kweli. Angekuwa mchoyo, asali yao ingekuwa imeshauzwa. Alitamani sana kukubali. Lakini kijiji kizima kilikuwa na ghala moja, la kwake, na watu wale walikuwa wamemwamini.

"Niachie mimi," akasema.

Wanakikundi walikuwa wakingoja uani. Xavery alisimama mbele yao, akavua kofia.

"Tatizo ni ghala langu," alisema. "Tumbaku yangu ndiyo imeingia kwenye asali yenu. Niliwapa kwa moyo mweupe, jamani, na ndilo lililotuharibia."

Magreth akainuka, na mzee akajiandaa kutukanwa.

"Mwenyekiti, keti," Magreth alisema. "Mimi nimechuja asali humo ghalani na sikusikia kitu, itakuwa wewe?" Akamgeukia mgeni. "Mama Advera, nina sebule mpya, haijaingia hata kochi, na kwangu hakuna mvutaji. Lakini pua zetu ndizo hizi umeziona. Twende ukainuse wewe kwanza."