Zamu ya Asubuhi, Jumapili ya Maua

Huko kwenye milima ya Kentucky kuna chuo ambacho karo yake hulipwa kwa jasho. Mtoto wa tajiri hapokewi, na mtoto wa maskini akipokewa hakai bure: huyu huoka mikate, yule hufuma mablanketi, mwingine hushika jembe au ufagio, na saa za kazi zikitimia ndipo vitabu hufunguliwa. Verlie Napier, binti wa mwaka wa tatu, aliangukia ng'ombe. Aliwapenda, akawajua tabia, akafanywa kiongozi wa kikosi cha maziwa. Lakini mwezi ule wa Mei, haja yake ilikuwa moja tu: kuwa nyumbani, Bonde la Otter, Jumapili ya Maua.

Kila kanisa la milimani lina Jumapili yake ya kupamba makaburi. Watu hufyeka majani, huweka maua ya karatasi waliyoyakunja wakati wa baridi, kisha hutandika vitambaa nyasini wakala kuku na maharage kando ya wafu wao. Kule Otter, kabla ya chakula, mchungaji huita majina ya waliozikwa tangu Mei iliyopita. Jina likiitwa, mtu aliyelelewa kwa mkono wa marehemu husimama akaitikia, "Yuko nasi." Jina huitwa mwaka huo tu. Mwaka unaofuata marehemu huwa amejiunga na wazee wake, wala haitwi tena.

Bibi Arminta, aliyemlea Verlie tangu akiwa hajui kufunga viatu, alifariki Februari, theluji ikiwa imeziba njia ya bondeni. Verlie hakuwahi maziko. Hata udongo wa kaburi lile alikuwa hajauona kwa macho yake. Tangu siku hiyo moyo wake ulikaa kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti, tayari kunyanyuka. Kila alipoinama chini ya ng'ombe alilitamka neno lile polepole, asije akalikosea siku yenyewe.

Ruhusa alikwisha kuipata. Kikosi kilikuwa na watu watatu, na kukamua kulitaka wawili. Angeondoka yeye, wakabaki binamu yake Tolliver na msichana mdogo wa mwaka wa kwanza aitwaye Junie Caudill. Tatizo ni kwamba wote watatu walikuwa wa Otter.

Na hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka uliotangulia, wanafunzi wapya walikuwa wakitoroka kabla ya Krismasi kwa kuwakumbuka wazazi wao, na Verlie ndiye aliyesimama kwenye baraza la wanafunzi akashauri kwamba wa bonde moja wapangwe kazi moja, ili mtu asikie lafudhi ya kwao anapoosha ndoo. Chuo kilikubali. Watoro walikoma. Hakuna aliyekumbuka kwamba watu wa bonde moja wana makaburi mamoja.

Alasiri moja walikuwa wakisafisha sakafu ya banda.

"Kamanda," Tolliver alisema, akiuegemea mpini wa brashi, "ukifika nyumbani nilie paja la kuku. La kushoto. La kulia nilie pia."

"Fanya kazi, Tolly. Hiyo brashi si mkongojo."

"Mimi tayari nimeshazeeka. Muulize Junie."

Junie hakucheka. Alikuwa amegeukia ukuta, akimwaga maji mahali palipokwisha kutakata.

"We Junie, una nini?" Verlie aliuliza.

"Sina kitu, dada."

"Sina kitu, na ndoo umeishika juu chini?"

Junie aliitazama ndoo. "Mama kaniandikia. Kasema amenitengea mahali pa kukaa kwenye nyasi. Nimemwambia siji, kasema atapatenga hivyohivyo."

Usiku huo Verlie hakupata usingizi kwa wepesi. Alijiona amesimama kaburini peke yake, na mahali patupu pa Junie pakimtazama. Kulipokucha alikwenda ofisini kwa Bi Orpha Stidham, mkuu wa kazi za wanafunzi, mama mnene mwenye sauti ya kuitia mbuzi ng'ambo ya mto.

"Hodi, Bi Orpha."

"Karibu, mwanangu. Nani kafa, ng'ombe au mwanafunzi?"

"Wote wazima."

"Basi umekuja kuomba. Kaa."

Verlie alikaa. "Tulipowapanga watu wa bonde moja pamoja, tulitibu upweke. Lakini tumewafunga kamba moja. Kwao kukiwa na jambo, kikosi kizima kinataka kuondoka siku moja, na ng'ombe hawajui cha msiba wala cha harusi."

"Na mpango huo ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Enhe. Nilitaka nikusikie tu ukisema. Endelea."

"Wa mikate wanatoka ng'ambo ya mlima. Jumapili yao ya Maua inakuja baada ya yetu. Mmoja wao ajifunze kukamua, na sisi tujifunze kukanda. Kila mwanafunzi awe na kazi mbili: yake na ya jirani. Hapo mtu ataweza kwenda kwao bila kumnyima mwenzake."

"Ni neno zuri. Lingefaa kusemwa zamani. Ila wewe ruhusa yako unayo, Verlie. Unaondoka Jumamosi. Kwa nini unaichezea bahati yako?"

"Bahati nikiila peke yangu itanikwama."

"Wahenga wanasema mtaka yote hukosa yote."

"Sitaki yote, Bi Orpha. Nataka watatu tu."

Mama yule alicheka hadi meza ikatikisika. Alikubali kwa sharti. Mtu wa mikate angefundishwa, kisha angejaribiwa Alhamisi mbele ya macho yake. Akifaulu, yeye Bi Orpha mwenyewe angevaa viatu vya mpira akawa mkono wa pili, na kikosi chote cha Otter kingekwenda kwao.

Aliyejitolea aliitwa Ansel Ratliff, kijana mrefu, mpole, mwenye unga hadi kwenye nyusi. Alikuja bandani kila alfajiri akiwa ametoka kuoka mikate, na ng'ombe walimnusa kama waliotaka kumla.

"Ansel, huyo si unga!" Tolliver alimpigia kelele. "Usimkande! Mshike kama unamwamkia mama mkwe."

"Mimi sina mama mkwe."

"Na kwa mikono hiyo hutampata."

Verlie alimfundisha kwa subira. Osha kiwele kwanza. Kamulia kidogo pembeni utazame rangi. Visha vikombe vya mashine kimoja baada ya kingine, vikishika usivivute. Na kuliko yote: ng'ombe mwenye utepe mwekundu mguuni anatibiwa, maziwa yake yana dawa. Huyo mkamue kando, umwage. Tone lake likiingia tangini, tangi zima limeharibika.

"Utepe mwekundu, kando," Ansel alikariri. "Kama mkate ulioungua. Hauuzwi."

"Hivyo hivyo."

Alijifunza vizuri. Jumatano alikamua safu nzima bila kosa, na Junie, aliyekuwa hajaimba tangu afike chuoni, alisikika akiimba nyuma ya ghala. Tolliver naye akaanza kuosha lori lake kuukuu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Verlie aliogopa kufurahi. Ila jioni ile alikunja nguo yake nyeusi akaitia mkobani, akaitoa, akaikunja upya.

Alhamisi Bi Orpha alisimama mlangoni amekunja mikono. Ansel aliamkia kila mtu, mpaka ng'ombe. Jasho lilimtiririka. Safu ya kwanza ilikwenda sawa. Safu ya pili iliingia na matope, maana mvua ilinyesha usiku kucha na miguu ya ng'ombe ilikuwa myeusi hadi magotini. Ansel aliosha viwele, akavisha vikombe, akajipangusa uso akitabasamu. Verlie, aliyeamriwa asiseme neno wakati wa jaribio, alikuwa ng'ambo ya ukuta akishughulika na bomba.

Alipotokeza, macho yake yaliangukia mguu wa ng'ombe wa mwisho. Maji yaliyomwagika yalikuwa yamesuuza tope, na chini yake palitokeza wekundu.

"Zima!" alipiga kelele. "Ansel, zima!"

Maziwa yalikuwa yamekwisha kupita.

Bi Orpha alikwenda tangini akafungua mfereji mwenyewe. Maziwa ya kutwa nzima yalishuka shimoni, meupe, mengi, yakitoa povu.

"Sikuuona," Ansel alisema. "Haki ya Mungu, Verlie, sikuuona. Palikuwa na tope."

Verlie alitaka kumkaripia, akajizuia. Hakuna siku hata moja aliyomwambia aupapase mguu kwa mkono. Yeye aliwajua ng'ombe kwa sura, hakuhitaji kuutafuta utepe. Asichokihitaji yeye, hakukifundisha.

"Ulifundishwa kutazama," alimjibu taratibu. "Hukufundishwa kupapasa. Hilo ni langu."

Walipokwisha kusugua sakafu, Bi Orpha aliwaita nje. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sikilizeni, wanangu. Mpango wenyewe haukufa. Muhula ujao kila mwanafunzi atajifunza kazi mbili, na nitalisema hilo mbele ya wakuu hata wakinuna. Lakini Jumapili hii Ansel hawezi kugusa mashine. Na kuna lingine." Alimgeukia Verlie. "Tangi likiharibika, mnunuzi hapokei maziwa mpaka kiongozi wa kikosi achukue sampuli kwa mkono wake kila ukamuaji, hadi Jumatatu. Si mimi, si Tolly. Kiongozi."

Verlie aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akiijua sheria hiyo. Aliijua tangu alipoyaona maziwa yakishuka.

"Basi nabaki mimi na wewe, Bi Orpha," alisema. "Hawa wawili waende."

"Dada, hapana!" Junie alisema. "Mimi nitabaki. Mama yangu yupo, nitamwona hata Julai."

"Ukibaki, kuna kitakachobadilika? Mimi nitakuwa hapahapa. Nenda ukakae mahali pako, mdogo wangu."

Jumamosi lori lilisimama mbele ya banda, limetakata kama linalokwenda kuposa. Verlie alimkabidhi Tolliver maua ya karatasi, kisha akamshika mkono wa shati.

"Tolly. Jina la Bibi likiitwa, utaitikia wewe."

"Mimi?" Uso wake ulibadilika. "Mimi nilikuwa nakuja kwake kula tu na kuvunja vitu. Wewe ndiye uliyelala chini ya paa lake."

"Ulikula kwa mkono wake. Simama wima. Usilete mzaha."

"Sitaleta. Na sauti ikinikwama?"

"Ikikukwama, ngoja. Bibi hakuwa mtu wa haraka."

Lori liliondoka. Verlie alilisikiliza likipanda mlima, likapotea kwenye kona, likasikika tena juu zaidi, dogo kama nyuki, kisha likanyamaza.

Jumapili kulikucha kweupe. Bi Orpha alikamua kwa nguvu na kwa wimbo, na Verlie alichukua sampuli zake, akazifunga, akazipanga barafuni. Walipomaliza, mama yule alikwenda kusuuza mabomba. Ansel alifika na ufagio. Hakuwa amepangiwa kazi pale, wala hakuruhusiwa kugusa mashine. Alikuja tu, akaanza kufagia.

Kengele ya kanisa la chuo ililia. Verlie alijua mambo yalipofikia kule Otter. Nyasi zimekwisha kufyekwa. Kina mama wamefunua vyungu. Mchungaji amesimama juu ya jiwe lile lililoinama, anapangusa miwani yake, anaita. Huanza na waliokufa zamani kidogo, wa kiangazi, kisha wa vuli, kisha wa baridi. Arminta Napier angekuwa karibu na mwisho. Verlie alisimama wima kati ya ng'ombe, mikono imelowa, akiangalia upande ule ambako hapakuonekana ila mlima, na nyuma yake mlima mwingine. Alijaribu kuisikia sauti ya Tolliver. Alimsikia ng'ombe akicheua.

"Yuko nasi," alisema.

Ufagio ulinyamaza. "Nani?" Ansel aliuliza.

"Bibi yangu. Sasa hivi wanamwita."

Kijana yule aliinamisha kichwa. Alionekana kama aliyetaka kuomba radhi tena, kisha akaona kwamba radhi sicho kilichohitajika. Alipindua ndoo mbili, akakalia moja.

"Kwetu," alisema, "jina likiitwa, watu humweleza alivyokuwa. Alikuwaje?"

Verlie alikaa kwenye ndoo ya pili. Aliyakumbuka mambo mengi kwa pamoja: moshi wa jiko, blanketi la kale la viraka lililofunika magoti, kikohozi, ukali juu ya sahani isiyomalizwa. Akaanza na mikono, kwa kuwa mikono ndiyo aliyoikosa zaidi. Jinsi bibi yule alivyomenya maharage bila kuyatazama, macho yake yakiwa njiani, akingoja mtoto atoke shule. Aliendelea kueleza, na Ansel akauliza, na yeye akajibu, huku ng'ambo ya milima watu wake wakiketi nyasini kula, na mlangoni pa banda kivuli kikisogea kuelekea saa ya kukamua tena.