Damu Iliyochanika

…na neno lenyewe ni la Kigiriki, anasema daktari Allen, skistosaiti, skisto ni kitu kilichopasuka, saiti ni seli, yaani chembe za damu zilizochanika, na Adelina anatazama midomo ya kijana huyu na kujuta kuuliza, alimsikia akilitaja kwa nesi akataka kujua ndiyo nini, sasa anafundishwa Kigiriki kwenye benchi la hospitali huku Herieth wake amelala nyuma ya mlango ule, amevimba uso, kifafa cha mimba kimemwangusha alfajiri na mpaka sasa hamtambui mtu… chembe nzima ni duara, mama, hizi tumeziona kwenye hadubini zimekatika vipande, nyingine kama kofia… kofia! damu ya mwanangu imevaa kofia… zinachanika zikipita kwenye mishipa yenye nyuzi za damu iliyoganda, dawa ni kumtoa mtoto, leo hii, ana miezi saba, huenda asipone, lakini tukingoja tutawakosa wote wawili, nataka ndugu mmoja aniambie ndiyo… “Tumsubiri mwenyewe,” anasema mama Daniel, mama mkwe wa Herieth, macho kwenye simu… mwenyewe! mwenyewe ndiye mume, yuko safarini Dodoma na simu haipatikani, mwenyewe wa nini, Herieth ni gunia la mchele?… mwezi uliopita Adelina alikwenda ukweni kwa Herieth, Segerea, akabisha hodi kama mgeni, akakalishwa sebuleni, akaletewa soda na karanga, na Herieth akatoka chumbani ndala hazimwingii kwa uvimbe, anasema kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli mchana, mama Daniel akacheka, “Huyo dume, mkwe wangu, mie wangu wote nilivimbaga hivyohivyo,” na Adelina akatabasamu, akanywa soda, kwani ndivyo alivyofundwa kwao Newala, mama wa binti hana sauti ukweni, anasifia nyumba, anakula kidogo, anaaga mapema, ukiozesha umeozesha… heshima! heshima gani hii, watu wazima wawili wanapeana karanga na binti anachanika ndani kwa ndani, kama yale magogo ya mpingo ya Fransis, marehemu mume wa Adelina, mchonga vinyago, gogo nje linang’aa, anapiga patasi ya kwanza tu anakuta limepasuka hadi moyoni, anatukana kutwa nzima… mficha uchi hazai, wanasema, nao wameuficha vizuri, wameufunika kitambaa cha kufuma, na anayelipa ni yule aliye kitandani… “Mama zangu, mmenielewa?” … Adelina ameelewa, Wagiriki waliona kitu kimechanika wakasema kimechanika, basi, hawakuuliza kwanza nyumba ni ya nani… “Dakika tano tu, daktari, atapatikana,” na mama Daniel anabonyeza simu tena, anakosea namba, anafuta, anaanza upya, kumbe naye anaogopa, aogope tu, aogope mpaka achoke, Adelina hana huruma ya kumgawia, anaitafuta ile haya ya ukweni, ile iliyomfunga mdomo sebuleni, anaitafuta kifuani, tumboni, haioni, amebaki na chuki na uchungu tu, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mlango umefungwa vilevile, nesi anapita vilevile na trei yake, benchi linamuumiza vilevile, na mdomo wake, huu uliokunywa soda, unafunguka.

“Mtoeni huyo mtoto, daktari. Mumewe msimngoje. Mie ndiye niliyemzaa Herieth.”