Unene wa Mistari Mitatu

Wanafunzi walimwita Sindano kwa sababu alikuwa mwanamke mwembamba, na kwa sababu hakuna hesabu ya uongo iliyopita mbele yake bila kuchomwa. Jina hilo lilimfikia masikioni, naye hakulikataa. Alikuwa mhadhiri wa fizikia kwenye ghorofa ya tatu ya chuo kikuu, katika chumba chenye dirisha lisilofunga sawasawa, na kazi yake ilikuwa ile ile ya mjomba wake.

Mjomba huyo, kaka wa tumbo moja na mama yake, ndiye aliyekuwa mkuu wa idara. Wote walimwita Profesa. Baba yake Sindano alipofariki, Sindano akiwa na miaka tisa, Profesa ndiye aliyemchukua, akamsomesha, akamfundisha kugawanya kwa vifuniko vya chupa mezani kwake. Ukimuuliza Sindano nani alimfundisha kwamba hesabu haina huruma wala upendeleo, angekujibu bila kusita: mjomba.

Kazi yao, ukiitoa mapambo, inaelezeka. Ulimwengu unaendeshwa na kani nne. Moja inatuvuta chini tusielee. Ya pili ni ya umeme na sumaku. Ya tatu inakibana kiini cha atomu kisisambaratike, na ya nne, ile dhaifu, inafanya baadhi ya viini vioze. Ile ya kwanza ni jeuri, mpaka leo haijakubali kukaa meza moja na wenzake. Lakini hizo tatu nyingine hubadilika nguvu kadiri joto linavyopanda, na ukizichora unapata mistari mitatu inayosogeleana. Miaka ishirini nyuma, Profesa aliongeza chembe mpya chache kwenye hesabu, na mistari ikakutana kwenye nukta moja. Maana yake ni kwamba katika kipande kidogo mno cha sekunde ya kwanza, ulimwengu ukiwa na joto lisilosemeka, kani tatu zilikuwa moja, kisha ulimwengu ukapoa, kila moja ikashika njia yake.

Nukta ile ilimpa Profesa jina. Alijenga juu yake historia nzima ya jinsi ulimwengu ulivyopoa, na juu ya historia hiyo walipanda watu: tasnifu kumi na nane, ikiwamo ya Sindano mwenyewe.

Basi mwaka huo, Sindano akitafuta zoezi la kuwapa wanafunzi, aliirudia hesabu ya nukta tangu mwanzo. Akagundua kwamba mjomba wake alizihesabu zile chembe mpya kana kwamba zote zina uzito mmoja, ilhali nadharia yake mwenyewe inasema zinapishana. Alipoweka uzito unaostahili, mistari miwili ilikutana, na wa tatu ukapita kando. Aliirudia mara tatu, kwa njia tatu. Mara zote tatu mstari ulipita kando, kama mtu asiyetaka kusalimia.

Alimpelekea mjomba karatasi.

"Rudia," Profesa alisema bila kuinua macho.

"Nimerudia, Mjomba. Mara tatu."

Mzee alisoma kimya, kisha akavua miwani. "Miezi miwili ijayo nastaafu. Kuna mhadhara wa kuniaga. Niachie, mwanangu. Nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Hesabu zako nitaziweka kwenye grafu."

Sindano aliondoka moyo umemjaa. Ndiyo sababu nampenda huyu mzee, aliwaza. Wangapi wangekubali?

Wiki moja kabla ya mhadhara alikwenda kumsaidia kufungasha ofisi. Profesa alikuwa kwenye kikao. Nyuma ya kabati la mafaili, chini ya majarida yaliyoliwa na mende, Sindano alivuta rasimu ya tasnifu asiyoijua. Tarehe yake ilikuwa ya miaka kumi na miwili nyuma. Alifungua katikati, akakuta grafu, mistari mitatu, miwili imekutana na wa tatu umepita kando. Pembeni yake, kwa wino wa kijani ambao idara nzima iliujua, mwandiko wa mjomba wake ulisema: *Nimeirudia mwenyewe. Ni kweli.*

Alikaa sakafuni. Aligeuza hadi kwenye jalada, akasoma jina la mwanafunzi na muhuri: *Imekataliwa*. Tasnifu ile haikuwa kati ya zile kumi na nane. Mwenye tasnifu alifelishwa. Na mwaka uliofuata nafasi yake idarani ilitangazwa, akaipata mpwa wa Profesa: Sindano mwenyewe.

*

Haikuwa kazi kumpata aliyeiandika. Karani wa idara, mama aliyekuwa pale tangu enzi za mashine za chapa, alimkumbuka mara moja. "Yule? Anatengeneza mizani. Nyuma ya stendi, kibanda cha bluu."

Fundi Mizani alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, mikono mikubwa, sauti ndogo. Mbele yake mezani palikuwa na mizani ya kliniki ya kupimia watoto wachanga, imefunguliwa tumbo. Sindano alijitambulisha, akaweka rasimu kando yake. Fundi aliitazama kidogo, akaendelea kukaza skrubu.

"Umekuja kunipa pole," aliuliza, "au kuna kingine?"

"Sikujua, kaka. Naapa sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa umekalia kiti, huwezi kuona kilicho chini yake."

Sindano aliuliza: "Walikuambiaje siku ile?"

"Jopo? Waliniuliza maswali mawili. Wakasema hesabu zangu zinapingana na matokeo yanayojulikana. Mimi nikamgeukia yeye, msimamizi wangu. Wiki ile ile alikuwa ameniandikia hapo, kwa mkono wake, ni kweli." Akaiweka bisibisi chini taratibu. "Akanyamaza. Unajua, dada, angesema nimekosea ningepigana naye. Nina meno. Lakini utamuuma wapi mtu aliyenyamaza?"

"Nitalisema. Mbele ya watu wote."

"Hasira hizo ni zako, usizipake jina langu." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Nyinyi mna ugomvi wenu wa kifamilia, mnatafuta kuni. Mimi nilikwenda nyumbani nikamwambia baba yangu nimefeli. Alikufa akijua nimefeli."

Sindano aliirudisha rasimu mkobani. Alisimama na mkoba wake kama mwanafunzi aliyechelewa. Alipofika mlangoni, Fundi alimwita.

"Ukisema, usiseme 'mwanafunzi mmoja'. Taja jina langu. Lote. La kwangu, la baba na la babu."

*

Mhadhara ulianza saa nne asubuhi. Ukumbi ulifurika: mkuu wa kitivo, wageni kutoka vyuo vingine, wanafunzi wa zamani wenye vitambi na mama yake Sindano katika mstari wa mbele, kavaa nguo yake bora. Sindano alikaa pembeni, mkoba mapajani, rasimu ndani. Alikuwa ameamua kumpa mjomba wake nafasi. Aliahidi, alijiambia. Acha nione.

Profesa alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alitaniana na ukumbi, akasema ulimwengu ulipokuwa mchanga haukuwa na idara, ndiyo maana kazi ilikwenda haraka. Watu wakacheka. Kisha grafu ikatokea ukutani.

Mistari mitatu ilikuwa minene kama kamba za kufungia ng'ombe. Nyekundu, bluu, kijani, ikakutana katikati kwa doa moja nono.

"Na hapa," alisema Profesa, "ndipo zilipokuwa nyumba moja."

Damu ilimchemka Sindano hadi masikio yakamvuma. Alisubiri. Profesa akabonyeza kwenda ukurasa unaofuata.

"Rudisha nyuma," Sindano alisema.

Vichwa viligeuka. Alikuwa amesimama, hakukumbuka kusimama.

"Maswali baadaye," alisema mkuu wa kitivo.

"Profesa, naomba mistari hiyo ichorwe myembamba."

Mjomba wake alimtazama. Ndipo Sindano alipojua, kwa jinsi alivyomtazama, kwamba hakusahau ahadi wala hakupitiwa. Aliziweka hesabu zake kweli, kama alivyosema, kisha akazifunika kwa unene wa mistari.

Alipanda jukwaani. Hakuna aliyemzuia, labda walidhani ni sehemu ya sherehe, mpwa na mjomba wake. Aliivuta kompyuta, akaifungua grafu, akapata mahali pa unene palipoandikwa kumi, akaandika moja.

Ukutani kamba zikawa nyuzi. Katikati, pale palipokuwa na doa, pakabaki pembetatu ndogo tupu.

Mstari wa nyuma watu walisimama wapate kuona.

"Pengo ni dogo," alisema Profesa kwa upole, akiugeukia ukumbi. "Kijana ana haraka. Pengo dogo kama hili..."

"Ni kubwa mara nane kuliko makosa yote ya vipimo. Unajua. Umejua miaka kumi na miwili!" Alitoa rasimu, akaifungua, akasoma maneno ya wino wa kijani. Akalitaja jina la aliyeiandika, la kwake, la baba yake na la babu yake, akarudia mara ya pili ili wa nyuma wasikie. "Huyu ndiye aliyeligundua. Mkamfelisha. Wewe ulikuwepo, Mjomba. Ulikaa pale pale ukanyamaza!"

Mkuu wa kitivo alisimama, akasema tupumzike kwa chai. Hapo lilitokea jambo lililomuuma Sindano kuliko yote: nyuma ya ukumbi mtu alianza kumpigia makofi Profesa, akafuatwa na mwingine, na mwingine, hadi nusu ya ukumbi ikawa inampigia makofi mzee aliyekuwa amesimama na uso uliosawijika. Funika kombe mwanaharamu apite. Sindano alishuka jukwaani, na hakuna aliyempisha njia.

*

Jioni ile mama yake alimwita nyumbani. Profesa alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kochi na koti lake, kama mgeni.

"Umemvua nguo kaka yangu hadharani," mama alianza. "Mtu aliyekulea! Ulishindwa kumwambia chumbani?"

"Nilimwambia chumbani, Mama. Akaniahidi."

"Mwache," alisema Profesa. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi. "Mwanangu, nisikilize. Kwa miaka yote ile nilikuwa na watu kumi na wanane, nawe ukiwamo. Wengine walikuwa wameshaoa, wameshapata kazi kwa nukta ile. Ningesema, wangeanguka wote. Nilijiambia nitaitengeneza nadharia, nitapata chembe nyingine, mistari itakutana, hakuna atakayeumia."

"Na wa kumi na tisa?"

Profesa alinyamaza. Kumwona akinyamaza vile, kwa macho yake, kulimpandisha Sindano hasira upya. Kumbe ndivyo alivyofanya siku ile.

"Kaka," mama aliuliza taratibu, "kijana huyo ndiye yule uliyeniambia aliacha masomo kwa uvivu? Tuliyekuwa tukimsema mezani hapa, mbele ya mtoto huyu, asije akawa kama yeye?"

"Ndiye."

Mama alisimama, akafungua mlango. Alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti, na hata sasa hakuipandisha. "La kuvunda halina ubani," alisema. "Inuka, nenda kwako. Leo sina uso wa kukutazama."

Yaliyofuata yalikwenda polepole, kama mambo ya ofisini yanavyokwenda. Wengine kati ya wale kumi na wanane waliacha kumsalimia Sindano kwenye ngazi. Wawili walimwandikia kimya kimya kwamba wamerudia hesabu, yuko sahihi. Makala ya masahihisho ilichapishwa, jina la Fundi likiwa la kwanza. Kama kani ziliwahi kuwa moja, wao hawakujua tena kwa joto gani, wala kama ni zile chembe au nyingine, na makala ilisema hivyo waziwazi. Chuo kilimwandikia Fundi kwamba tasnifu yake itasikilizwa upya. Barua mbili hakuzijibu. Ya tatu aliijibu kwa neno moja: *Nakuja.*

Alikuja asubuhi ya Jumatano na shati la kazini, mfukoni bisibisi. Alisimama ubaoni kwa muda wa saa tatu. Watahini, wote wageni, walimbana kweli kweli, naye akawajibu bila karatasi, kana kwamba miaka ile kumi na miwili alikuwa akiandika ubao huo kichwani kila siku. Walipomwita Daktari aliitikia kwa kichwa, akaomba kitambaa afute chaki mikononi, kwa sababu mafuta ya mashine na chaki havipatani.

Nje, kwenye korido, Profesa alikuwa akimngoja, amesimama ukutani. Alinyoosha mkono.

"Hongera, Daktari."

Fundi aliutazama mkono ule. "Ulijua ninapofanyia kazi?"

"Nilijua."

"Ulishawahi kupita?"

"Mara nyingi," alisema Profesa. "Nilikuwa naangalia upande wa pili."

Fundi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa uzito aliokuwa ameukadiria. Hakuushika mkono. Alimuaga Sindano, akasema kliniki inamsubiri, akateremka ngazi.

Profesa alibaki na mkono wake hewani, kisha akauingiza mfukoni. "Nisindikize hadi kwenye gari, mwanangu," alisema. "Miguu siku hizi hainitii."

Sindano alimwona alivyokonda. Alikumbuka mkono ule ule ukipanga vifuniko vya chupa. Hasira haikupungua hata chembe. Ilikaa pale pale kifuani, na huruma ikaja ikakaa kando yake, wala moja haikuisogeza nyingine.

"Nina kipindi, Mjomba," alisema, akageuka akaenda darasani.