Bima ya Baridi kwa Jina la Kiprono

Gari letu liko kwa jina la mume wangu, Kiprono, na tangu Januari Kiprono yuko Kapsabet. Alienda kumzika mama yake, akasema wiki sita. Mwezi wa tatu akapiga simu akaniambia gari lisiendelee kukatiwa bima bure, akaliandikisha mwenyewe kwa simu yake kuwa limesimama akiwa huko shambani. Likabaki chini ya turubai hapa Hjulsta, huku ughaibuni, nyuma ya jengo letu, haliruhusiwi kugusa barabara. Nilimkubalia. Na mimi si mtu wa kukubali kirahisi, muulize yeyote anayenijua.

Theluji ya kwanza ilipoanguka Novemba, wenzangu kazini walilalamika. Mimi nilifurahi, kwa sababu Kiprono alikuwa ameniahidi Desemba. “Mama Lina, Desemba niko hapo,” alisema, na nilimfanya arudie mara mbili. Nilitaka gari liwe tayari, tairi za baridi na bima kamili, ili siku akitua uwanja wa ndege wa Arlanda nikamchukue mwenyewe, nimwambie leo kaa upande wa abiria, Bwana. Miaka kumi na minane yeye ndiye aliyeendesha, basi la jiji mchana na sisi jioni. Kila mwaka msimu huu alikuwa anachuchumaa nje akibadilisha tairi, kisha anaingia na vidole vimekufa ganzi, anaviingiza chini ya sweta langu mgongoni. Napiga mayowe, binti yetu Lina anabamiza mlango wa chumba chake. Ile mikono ya barafu ndiyo niliyokuwa naitamani. Sioni haya kusema.

Nilienda Spånga kwa Gédéon, fundi kutoka Bukavu anayetuhifadhia tairi.

“Mama Lina, pneus niko nazo, ziko muzuri,” akasema. “Lakini assurance, ile bima, iko wapi? Gari bado inalala. Ukitoka nayo leo ukagonga mutu, hakuna mwenye atakusaidia.”

“Baba Lina anarudi mwezi ujao.”

“Basi aamushe gari yake kwanza.” Aliendelea kufuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. “Anarudi kweli?”

Nilimwambia ashughulike na tairi.

Nikapigia kampuni ya bima. Mama mmoja mpole sana, mpole wa kuudhi, akaniambia mwenye gari peke yake ndiye anayeweza kubadilisha bima na kuongeza kinga ya kuteleza na kuvutwa kwenye theluji. Au, akasema, gari lihamishiwe kwa jina lako, ni jambo la dakika tano tu. Nilimuaga kabla hajamaliza. Dakika tano! Katika kikundi chetu cha maombi, mume akienda nyumbani na mke akaanza kubadilisha majina ya vitu, watu wanasema amemfungia mlango. Walimsema hivyo Wanjugu, mwenzetu wa kikundi, na mimi nilikuwa mmojawapo wa wasemaji. Mkataba wa nyumba niliubadilisha kwa siri kwa sababu sikuwa na namna. Gari nilikataa. Lilikuwa kitu cha mwisho hapa kilichokuwa kikimhitaji yeye.

“Men mamma, skriv över bilen på dig då,” Lina akasema, yaani niliandikishe gari kwa jina langu. Ana miaka kumi na saba na anaona kubadilisha jina la gari ni kama kubadilisha soksi.

“Gari ni la baba yako.”

“Pappa är inte här.” Yaani baba hayupo.

“Yuko njiani!”

Alinitazama kwa huruma, na huruma ya mtoto uliyemzaa inachoma kuliko matusi.

Jumamosi mchana nikampigia Kiprono. Nilisikia ng’ombe, nikasikia mtu akimwita kwa mbali, naye akajibu kwa Kikalenjin kwa sauti kubwa yenye raha, sauti ambayo hapa hakuwahi kuitumia. Nikamweleza polepole. Fungua simu, liamshe gari, kisha kubali bima ya baridi. Mambo mawili tu.

“Sawa,” akasema. “Nipe nusu saa.”

Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilitoa koti lake zito kabatini nikalitundika dirishani lipate hewa. Nilichemsha chai ya maziwa, nikapika na chapati nne za kujaribia, maana nilikuwa nimeacha kuzipika. Simu ilipolia nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Ujumbe haukutoka kwa kampuni ya bima. Ulitoka kwa mamlaka ya magari. Kiprono anataka kukufanya mmiliki mpya wa gari lifuatalo, thibitisha hapa.

Nilimpigia palepale. “Umebonyeza vibaya, Baba Lina.”

“Sijabonyeza vibaya.”

“Nilikuomba bima.”

“Bima ya nani, Achola?” Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu Lina azaliwe. “Mimi sitaliendesha. Nilikaa hapa na simu nikitaka kuweka sahihi, nikaona nakudanganya. Ile Desemba nilikudanganya. Hata ile wiki sita, nikishuka tu kwenye ndege nilijua.”

“Kuna mwanamke?”

“Hakuna mwanamke. Kuna jua saa kumi na mbili asubuhi. Natembea barabarani watu wananijua mimi ni mtoto wa nani.” Alikuwa analia, na Kiprono halii. “Njoo huku. Lina akimaliza shule, njoo.”

“Huku ndiko ninakojulikana mimi,” nikasema. “Na ninakutaka hapa. Nakutaka mpaka naumwa, unasikia?”

“Nasikia.”

Chapati ikaanza kuungua kikaangoni. Lina akatoka chumbani, akazima jiko, akasimama nyuma yangu akanikumbatia na unga wangu wote.

Jumapili nilibonyeza kuthibitisha. Yule mpole alisema dakika tano, mimi nilitumia moja.

Jumatatu nikaliamsha gari, kisha nikapigia tena kampuni ya bima, sasa nikiwa mwenye gari. Alikuwa kijana safari hii. Akaniuliza gari linalala nje au gerejini. Nje. Tairi za baridi zipo? Zipo, zinafungwa kesho. Ninataka kinga ya kuvutwa? Nataka, nataka kila kitu. Nilijibu haraka haraka kama mtu anayejua kazi yake.

“Na hapo nyumbani,” akasema, “wanaoendesha ni wangapi?”

Nililitazama koti la Kiprono pale dirishani.

“Mmoja,” nikasema.